Kusoma Chuma Kabla Hakijavunjika: Historia ya Uangalizi wa Injini za Ndege Nyepesi na Nafasi Yake katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mafundi walivyojifunza kugundua na kuzuia uvunjikaji wa vipuri vya injini katika ndege nyepesi, hasa ndege za kujitengenezea, na kuoanisha historia hiyo na mazingira ya Ufipa mkoani Rukwa. Hoja kuu ni kwamba usalama wa injini haukuletwa na ubora wa chuma peke yake. Uliletwa zaidi na desturi ya kutazama mara kwa mara, kupima bila kufungua ovyo, na kuandika kila kilichoonekana. Hoja hii inajengwa kwa matukio manne: uhunzi wa Wafipa, safari za anga za mwaka 1920, udhibiti wa nzige wekundu katika bonde la Rukwa, na matumizi ya injini za magari katika ndege za kujitengenezea. Makala yanahitimisha kuwa fundi wa mikoani asipuuzwe wala asiachwe aruke bila kukaguliwa.

1.0 Utangulizi

Historia ya usafiri wa anga Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kama historia ya njia, viwanja, mashirika na marubani. Injini hutajwa pale tu inapozima. Hata hivyo, anayesoma taarifa za safari za mwanzo huona kwamba mara nyingi kilichoamua hatima ya safari hakikuwa ushujaa wa rubani, bali bomba la maji lililovuja, vali iliyoungua au plagi iliyoziba. Vitu hivyo vidogo vina historia yake, na historia hiyo haijapewa nafasi ya kutosha katika maandishi ya Kiswahili.

Suala hili si la zamani tu. Katika miaka ya karibuni vyombo vya habari vimeonesha mafundi wa Afrika Mashariki wanaojenga ndege kwa mikono yao, akiwemo fundi wa Tunduma, mji wa mpakani ulio jirani na Rukwa, aliyejitengenezea helikopta. Umma umewapokea kwa namna mbili: wengine wamewasifu kama vipaji visivyothaminiwa, wengine wamewaona kama watu wanaotafuta kifo. Misimamo yote miwili inaruka swali la msingi: je, fundi wa namna hiyo anawezaje kujua kwamba kipuri kinakaribia kuvunjika? Makala haya yanatafuta jibu katika historia. Mbinu iliyotumika ni uchambuzi wa maandishi na ulinganishaji wa matukio.

2.0 Ufipa kama Mazingira ya Injini

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari; mashariki kuna Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800. Katikati ardhi imeinuka. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800, na milima ya Mbizi hupanda kupita mita 2,400. Kwa hiyo ndege inayotoka Sumbawanga kuelekea bonde la Rukwa hupita juu ya ukingo wa bonde la ufa, na ardhi huporomoka karibu mita 1,000 katika umbali mfupi.

Kwa injini, jiografia hii ina athari tatu. Ya kwanza ni upungufu wa hewa. Injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Injini iliyotoa nguvu farasi 100 pwani itatoa 80 na kitu tu Sumbawanga, na siku ya joto itatoa pungufu zaidi. Rubani atalazimika kuiendesha kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu zaidi ili apae, na huo ndio wakati ambao vipuri hubeba mzigo mkubwa kuliko wote. Ya pili ni uwiano wa mafuta na hewa. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa mafuta mengi mno ikipelekwa juu, na plagi hushika masizi. Fundi akipunguza mafuta kupita kiasi, vali za moshi huungua. Ya tatu ni mabadiliko ya ghafla ya joto. Rubani anaposhuka ukingoni akiwa amepunguza moto, injini hupoa upesi. Akihitaji nguvu tena huko chini, pistoni hupata joto na kutanuka kabla silinda haijatanuka. Injini za mipigo miwili, ambazo hupendwa katika ndege ndogo sana kwa sababu ya wepesi wake, hukwama kwa sababu hiyo hiyo.

Tena baridi ya Ufipa, hasa Juni na Julai, isichukuliwe kama faraja. Mafuta yanapogeuka mvuke ndani ya kabureta hufyonza joto, na hewa yenye unyevu huganda kuwa barafu hata kama nje hakuna barafu yoyote. Injini hufifia taratibu kisha huzima, na mkaguzi akifika baadaye barafu imekwisha kuyeyuka. Hitilafu ya aina hii haiachi ushahidi. Kinga yake ni kuijua mapema na kufungulia kabureta hewa ya moto.

3.0 Maarifa ya Chuma kabla ya Ndege

Ufipa ilijua chuma kabla ya kujua injini. Tafiti za akiolojia, zikiwemo za Bertram Mapunda, zimeonesha kuwa eneo hili lilikuwa na teknolojia zaidi ya moja ya kuyeyusha chuma katika nyakati tofauti. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, ambalo lilifikia kiasi cha mita 3 na kuvuta hewa lenyewe bila mivuo. Malungu, kwa wingi, yaliendelea kutumika hadi sehemu ya kwanza ya karne ya 20, na mabaki yake bado yanaonekana katika sehemu mbalimbali za Ufipa.

Jambo la kuzingatia hapa ni hatua iliyofuata. Kilichotoka katika ilungu hakikuwa chuma tayari kwa jembe. Kilikuwa bonge lenye takataka za mawe yaliyoyeyuka, na kililazimika kupitishwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivuo, ndipo kikaenda kwa mhunzi kufuliwa. Kazi hiyo ya pili ilikuwa ghali kwa mkaa na kwa muda. Jamii haiwezi kuigharimia kazi kama hiyo vizazi kwa vizazi isipokuwa imekwisha kuelewa kwamba chuma chenye uchafu ndani yake hakiaminiki.

Kanuni hiyo ndiyo iliyokuja kuthibitishwa na wahandisi wa Ulaya kwa njia nyingine. Mnamo Mei 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilivunjika karibu na Versailles, Ufaransa, na watu wengi wakafa. Mwaka uliofuata William Rankine alieleza kwamba ekseli za namna hiyo huvunjika kwa ufa unaokua polepole kutoka mahali penye kona kali. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alionesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba chuma kinaweza kuvunjika kwa mzigo mdogo kuliko uwezo wake, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi mno. Hali hii huitwa uchovu wa chuma. Ufa huanzia penye mkwaruzo, kona kali, kutu, au punje ya uchafu iliyobaki ndani ya chuma.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba mhunzi wa Ufipa alijua nadharia ya uchovu wa chuma. Jembe halizunguki mara 2,500 kwa dakika. Kinachodaiwa hapa ni kidogo zaidi: kwamba kukikagua chuma na kukikataa kisichofaa si fikra ngeni katika uwanda huu.

4.0 Mwaka 1920: Injini Zilizoshindwa Njiani

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliandaa mlolongo wa viwanja kutoka Cairo hadi Cape Town. Kimojawapo kilikuwa Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, kusini tu ya Ufipa. Mapema mwaka 1920 ndege kadhaa zilijaribu njia hiyo, na matokeo yake ni somo kamili la hitilafu za injini.

Ndege aina ya Vickers Vimy iliyogharimiwa na gazeti la The Times, ikiwa na marubani Cockerell na Broome pamoja na mwanazuolojia Peter Chalmers Mitchell, ilisumbuliwa njia nzima na mfumo wa maji ya kupozea injini. Safari yake ilikomea Tabora tarehe 27 Februari 1920, injini iliposhindwa wakati wa kupaa. Pierre van Ryneveld na Quintin Brand wa Afrika Kusini waliipoteza Vimy yao ya kwanza, Silver Queen, huko Korosko baada ya rejeta kuvuja. Injini zake ziliokolewa na kufungwa katika ndege ya pili, ambayo nayo ilianguka Bulawayo tarehe 6 Machi iliposhindwa kupanda katika hewa nyepesi ya nyanda za juu. Wawili hao walifika Cape Town tarehe 20 Machi kwa ndege ya tatu.

Matukio haya yanafunza mambo mawili. Kwanza, katika visa vya Tabora na Korosko kiini cha injini hakikuwa chanzo cha balaa; chanzo kilikuwa viambatanisho vyake, yaani maji, mabomba na maungio. Mpaka leo anayekagua ndege ndogo huanza na vitu hivyo: mipira ya mafuta, vibano, nyaya, na mabomba ya moshi. Pili, kisa cha Bulawayo kinaonesha kwamba injini isiyo na kasoro yoyote bado inaweza kushindwa ikipelekwa mahali ambapo haikupimwa. Kwa Sumbawanga, iliyo juu kuliko Bulawayo, onyo hilo lina uzito mkubwa zaidi.

Tatizo la kupoza lilipata ufumbuzi wa hatua kwa hatua. Injini zinazopozwa kwa hewa ziliondoa rejeta, lakini mzigo wa joto ukahamia katika vali za moshi. Samuel Heron alibuni vali yenye shina lililo wazi ndani na kutiwa sodiamu, ambayo huyeyuka na kulihamisha joto kutoka kichwa cha vali. Injini ya Wright Whirlwind iliyomvusha Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927, kwa zaidi ya saa 33 bila kusimama, ilitumia vali za namna hiyo.

5.0 Nzige Wekundu na Ndege za Bonde la Rukwa

Kilichozileta ndege nyepesi katika anga ya Ufipa kwa kazi ya kudumu ni nzige. Kati ya takribani mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walivamia sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta. Watafiti waligundua kwamba makundi hayo yalianzia katika maeneo machache ya mbuga zinazofurika, na mawili kati ya hayo yalikuwa Mweru wa Ntipa na bonde la Rukwa. Katika miaka ya 1940 majaribio ya kunyunyiza sumu kwa ndege yalifanyika Tanganyika, na mwaka 1949 serikali kadhaa, zikiwemo za Uingereza na Ubelgiji, zilianzisha kwa mkataba shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn. Shirika lililolirithi, lililoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, lina makao yake Ndola. Kazi hiyo haijakoma: mwaka 2009 kiasi cha hekta 10,000 katika mbuga za Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi zilinyunyiziwa dawa iliyotokana na kuvu badala ya sumu ya kemikali.

Kwa mtazamo wa injini, kunyunyiza dawa ni kazi ngumu kuliko safari ya kawaida. Ndege hubeba mzigo mzito, huruka chini sana, na kila mwisho wa mstari hugeuka kwa nguvu. Rubani anayevuka milima akiwa juu ana dakika kadhaa za kutafuta mahali pa kutua injini ikizima. Anayenyunyiza juu ya mbuga ya Rukwa ana sekunde. Zaidi ya hayo, kiangazi huleta vumbi linalokwangua ringi na silinda, masika huleta maji yanayoingia katika mapipa ya mafuta, na sumu yenyewe hula chuma na nyaya. Ndiyo maana katika kazi hii ukaguzi wa kila asubuhi hauwezi kuwa desturi tupu: kuchuja mafuta, kumwaga kidogo ili kutazama kama yana maji, kusafisha chujio la hewa, na kujaribu magneto moja baada ya nyingine kabla ya kuruka.

Mashirika ya namna hii yalikuwa na faida ambayo fundi binafsi hana. Yalitumia injini zilizothibitishwa kiwandani, yalikuwa na kitabu cha kumbukumbu kwa kila injini, na yalibadilisha vipuri kwa kuhesabu saa. Swali la sehemu inayofuata ni nini hutokea faida hizo zinapokosekana.

6.0 Ndege za Kujitengenezea na Injini za Magari

Kuweka injini ya gari katika ndege si jambo lililozuka Afrika. Bernard Pietenpol wa Minnesota, Marekani, aliirusha ndege yake kwa injini ya Ford Model A mwishoni mwa miaka ya 1920. Huko Ufaransa, Henri Mignet aliwashawishi watu wa kawaida wajijengee ndege katika miaka ya 1930. Mwaka 1953 wajenzi wa Marekani waliunda chama chao, wakiongozwa na Paul Poberezny. Injini ya Volkswagen, kwa kuwa ni nyepesi na hupozwa kwa hewa, ikawa kipenzi cha wajenzi wengi.

Lakini gari na ndege hudai mambo tofauti. Injini ya gari hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake kwa muda mwingi, ilhali ya ndege hutumia robo tatu au zaidi kwa saa nyingi mfululizo. Katika Volkswagen, silinda ya tatu hupata joto zaidi kwa sababu kipoza oili cha asili huizuia hewa; vali yake ya moshi hurefuka, hupungua shingoni, na mwisho kichwa hukatika na kutoboa pistoni. Dalili hutangulia: nafasi ya vali hiyo huendelea kupungua kila inapopimwa. Fundi anayerekebisha nafasi hiyo bila kuandika kiasi alichorekebisha ameifuta dalili kwa mkono wake mwenyewe.

Mfano wa pili ni Corvair, injini ya gari la Chevrolet ambayo Pietenpol mwenyewe aliijaribu mwaka 1960. Ilionekana salama kwa miaka mingi. Wajenzi walipoanza kuifunga katika ndege za kasi zaidi, krankshafti kadhaa zilivunjika miaka ya 2000. Sababu ni kwamba propela inapogeuzwa angani huipinda krankshafti kwa namna ambayo klachi ya gari haikuwahi kuipinda. Wajenzi waliitikia kwa kubadilishana taarifa, kuimarisha uso wa chuma kwa naitrojeni, na kuongeza beringi ya ziada upande wa propela. Hakuna kiwanda kilichowaamuru. Kumbukumbu walizoshirikishana ndizo zilizowaonesha kwamba visa vilivyotokea mbali mbali vilikuwa kisa kimoja.

7.0 Mbinu za Kugundua Hitilafu

Historia ya mbinu za ukaguzi inaonesha kwamba nyingi zilizaliwa katika karakana za kawaida. Karakana za reli zilipaka ekseli mafuta mepesi, zikayafuta, kisha zikapaka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalirudi na kuchora mstari juu ya weupe. Mbinu hiyo, inayowezekana katika karakana yoyote ya Sumbawanga, ndiyo mzazi wa rangi za kupenya zinazotumika sasa. Katika miaka ya 1920 na 1930 ikaongezwa njia ya sumaku: chuma kikitiwa usumaku, unga wa chuma hukusanyika penye ufa. Katika miaka ya 1940 reli za Marekani zilianza kupima metali zilizomo ndani ya oili ili kujua beringi ipi inalika kabla ya kufungua injini.

Kwa ndege nyepesi, mbinu nne zinatosha kuwa msingi. Ya kwanza ni kupima uvujaji wa silinda kwa hewa ya shinikizo la paundi 80 kwa inchi ya mraba: hewa inayosikika katika bomba la moshi hutaja vali, na inayosikika penye mdomo wa oili hutaja ringi. Ya pili ni kukata chujio la oili na kutazama vipande kwa mwanga na sumaku. Ya tatu ni kusoma rangi ya plagi na ya vali za moshi. Ya nne ni kulinganisha vipimo vya leo na vya safari zilizopita.

Hata hivyo, ukaguzi nao unaweza kudhuru. Mnamo mwaka 1943 mwanasayansi C. H. Waddington alichunguza ndege za doria za Uingereza na kukuta kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya matengenezo ya saa 50, kisha zikapungua. Matengenezo yenyewe yalikuwa yakiingiza kasoro: nati isiyokazwa, bomba lililoguswa. Tokeo hili linaipa nguvu hoja ya makala haya. Anayefungua injini kila mara kwa hofu haongezi usalama. Anayetazama bila kufungua, akafungua pale tu vipimo vinapomlazimisha, ndiye anayeuongeza.

8.0 Mjadala: Fundi na Mamlaka

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika injini ya ndege methali hii inahitaji nyongeza, kwa kuwa ufa wa krankshafti hauzibiki na ukuta wake haujengwi upya. Kazi ni kuuona na kukitupa kipuri. Hapo ndipo ugumu wa kweli wa fundi wa mikoani ulipo. Anayo maarifa ya mikono, lakini kipuri alichokinunua kikiwa kimekwisha kutumika hakina historia: hajui kimezunguka saa ngapi, kilipata joto gani, au kiliwahi kuanguka. Kukitupa ni hasara ya akiba ya miaka. Kukitumia ni kuuhatarisha uhai wake na wa walio chini yake.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ina wajibu wa kisheria wa kuhakikisha kwamba chombo kisichothibitishwa hakiruki, na makala haya hayapingi wajibu huo. Linalojadiliwa ni kwamba katazo peke yake halimfundishi fundi kugundua ufa. Nchi kadhaa zilizoruhusu ndege za kujitengenezea zilifanya hivyo kwa masharti: ukaguzi wakati wa ujenzi, saa za majaribio mbali na makazi ya watu, na kitabu cha kumbukumbu cha injini. Masharti ya namna hiyo yangeweza kuanza hata kabla ya kibali cha kuruka, kwa kuwataka wajenzi waendeshe injini zao chini, zikiwa zimefungwa imara katika jukwaa, kwa saa nyingi huku vipimo vikiandikwa. Injini itakayovunjika hapo haitamwua mtu, na kumbukumbu zake zitamfaa mjenzi mwingine.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uvunjikaji wa vipuri vya injini mara nyingi hutanguliwa na dalili, na kwamba historia ya usalama ni historia ya watu waliojifunza kuzisoma dalili hizo na kuziandika. Ufipa inaingia katika historia hiyo kwa njia mbili: kama nchi ya wahunzi waliokataa chuma chenye uchafu, na kama uwanda ambao mwinuko, baridi na ukingo wake huzidisha kila udhaifu wa injini. Utafiti zaidi unahitajika hasa katika kumbukumbu za matengenezo za shirika la nzige huko Mbala na Ndola, na katika kukusanya istilahi ambazo mafundi wa Rukwa wenyewe hutumia kwa nyufa, milio na harufu za injini. Istilahi hizo ni sehemu ya maarifa ya ukaguzi, na zisipoandikwa zitapotea pamoja na wenye nazo.